Kioo Nilichokikwangua

Kwa miaka kadhaa, kabla ya vita vya Hitla, nilikula kwa kukata watu. Nasema kweli. Gazeti letu lilitoka mara moja kwa wiki, Unguja mjini, mashine zikiwa chini na waandishi juu, nami nilikuwa mpiga picha wake na mtengenezaji wa picha zake. Kupiga ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kutengeneza ndiko kulikomaliza siku: kuchagua, kupima picha isizidi upana wa safu, kukata kisichotakiwa, kupaka rangi pa kupaka, kisha kuipeleka kwa fundi aichonge kwa asidi kwenye bati la zinki. Nikiulizwa kazi yangu nilijibu mpiga picha, maana jina hilo lilikuwa na heshima kidogo. Lakini mkono wangu ulishinda kwenye mkasi na wembe.

Sijui kama iko kazi nyingine ya mezani inayomchafua mtu kama ile. Tajiri alikuja na picha ya harusi ya mwanawe, akataka tumpunguze kidevu. Mwingine alitaka aondolewe ndugu yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha gombana tangu siku ya picha. Bwana mmoja mwenye cheo alitaka aonekane mweupe kuliko alivyoumbwa, nami nikampaka, nikampaka, mpaka akawa kama aliyetoka kuchovywa kwenye unga wa muhogo. Alifurahi akaniletea tende. Nilizila zile tende. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba kinyaa changu hakikuwahi kunizuia kula.

Mhariri wangu alikuwa na mtindo wa kula halua huku akichagua picha. Aliimega kwa vidole viwili, akavilamba, kisha kwa vidole vivyo hivyo akashika karatasi nilizozianika kwa uangalifu tangu asubuhi. Nyuso za watu zilirudi kwangu zina madoa ya samli. Nilimwambia mara ngapi! Alinicheka, akasema Wapemba tuna usafi wa paka. Alikuwa na kauli yake moja aliyoirudia kila siku kana kwamba imeteremka kutoka mbinguni: msomaji ana jicho moja tu. Maana yake picha iwe na mtu mmoja anayefanya jambo moja, na vingine vyote vikatwe. Mitungi, kuku, jirani anayechungulia, mguu wa mtu anayepita, vyote nilivikata vikaanguka chini ya meza yangu, na jioni vikafagiwa pamoja na makombo ya halua yake.

Kila msimu wa karafuu alinituma Pemba. Alisema ni kwa kuwa ndiko kwetu na watu hawatanikimbia. Mimi najua ni kwa kuwa yeye hakutaka kulala melini karibu na mbuzi. Basi nilikwenda mimi, nikafika na nguo zinazonuka mbuzi, nikaazima baiskeli Chake Chake, nikafunga kamera na sanduku la vioo vya kupigia picha nyuma, nikashika njia ya mashamba.

Msimu ninaotaka kuueleza nilianzia Ole, kwa ami yangu, ndugu wa baba. Wazee wake walikuwa na mashamba mengi, wakayapoteza moja moja, naye akabakiwa na shamba moja la mikarafuu na jina la kuwa mtu mwaminifu. Mkewe ndiye aliyeninyonyesha. Mama yangu mzazi aliugua mimi nikiwa na wiki mbili, maziwa yakamkauka, nikapelekwa Ole nikanyonya ziwa moja na binti mkubwa wa ami. Kwa sharia ya dini yetu hilo lilinifanya mwanawe hasa, na binti zake wawili wakawa dada zangu. Nilimwita mama, sikuwahi kumwita vinginevyo. Ndiyo maana nilipoingia uwani kwao hapana aliyekimbilia kujifunika.

Walikuwa wanasafisha karafuu zilizokwisha kauka. Mama amekaa kwenye jamvi, ungo mapajani, anapepeta, kichwa wazi, kanga ameifunga kifuani, mabega yamelowa jasho. Binti mdogo anachagua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu mtini. Binti mkubwa ameshika mdomo wa gunia la karafuu safi, nywele zake amezifumua nusu. Upande wa pili wa ua amesimama ami, ana lundo la karafuu miguuni pake zinazongoja kupepetwa, naye anamimina pakacha la makonyo katika gunia la makonyo. Yalikuwapo magunia mawili, kila moja na chake. Makonyo yana mnunuzi wake, na kuyauza peke yake si kosa. Kosa ni kuyatia ndani ya karafuu ili gunia lipate uzito, na wapo waliolifanya, na ofisi ya ukaguzi ilikuwa inawasaka.

Jua la asubuhi lilikuwa limeingia uwani kwa ubavuni, zuri mno. Nikasimamisha kamera nikapiga kabla sijafikiri. Mama alisikia mlio akageuka.

"Ewe! Umetupiga?"

"Nimeipiga kazi, mama."

"Kazi ina nywele? Weye nakaa mbele yako hivi nilivyo kwa kuwa nimekunyonyesha. Gazeti sikulinyonyesha mie."

Binti zake walicheka mpaka karafuu zikamwagika. Yeye hakucheka. Alinitaka niape, nikaapa, kwamba haitatoka hata karatasi moja yenye sura zao.

"Wala karatasi ya kuweka sandukuni mwako?"

"Wala hiyo, mama."

Ami alisimama na pakacha lake anatabasamu. Yeye hakuwa na neno, mwanamume kuonekana akifanya kazi si aibu.

Niliporudi Unguja nilikitimiza kiapo changu kwa namna niliyoiona ya kiungwana kabisa. Upande wa wanawake niliufunika kwa karatasi nyeusi juu ya kioo chenyewe, nikatoa picha ya upande wa ami peke yake. Hakuna aliyewaona, hata mimi sikuwaona tena ila kwenye kioo, ambako mweusi huwa mweupe na mweupe huwa mweusi. Pamoja nao lilikwenda lile gunia la karafuu safi. Sikulifikiria. Nilikuwa nimeshughulika kujisifu kwa uaminifu wangu. Kilichobaki kilikuwa mtu mmoja, lundo la karafuu miguuni pake, na gunia moja linalomiminiwa makonyo. Jicho moja, jambo moja, kama mhariri alivyopenda. Nyuma ya karatasi niliandika "Kazi za mavuno, Ole", nikaitia katika mafungu ya picha zinazongoja, nikaenda zangu kupiga picha za mashindano ya mpira.

Wiki mbili baadaye gazeti liliwekwa mezani kwangu, wino haujakauka. Ukurasa wa tatu palikuwa na makala ndefu juu ya watu wanaochafua karafuu na kuliharibia jina soko letu. Katikati ya makala alisimama ami yangu. Chini yake mhariri alikuwa ameandika: "Hivi ndivyo wanavyofanya."

Nilikwenda dirishani nikatema mate. Kisha niliingia kwa mhariri na gazeti mkononi, nikamwambia yule ni ami yangu, na lile ni gunia la makonyo, na la karafuu lilikuwa upande wa pili.

"Jina lake limeandikwa?" akaniuliza.

"Halikuandikwa."

"Basi nani aliyeumia?"

"Ole nzima inamjua."

"Ole nzima haisomi." Alikuwa anatafuna. "Na picha si yako? Si wewe uliyeikata?"

Nilimwambia atoe maelezo wiki ijayo. Akasema gazeti likijikanusha lenyewe hapana atakayelinunua. Nilipozidi kupiga kelele alipangusa vidole kwenye kanzu yake, akasema lipo jambo moja tu atakalolikubali: nimletee picha inayoonyesha kinyume. Nikimletea ataitoa, na maelezo juu. Kweli nilimchukia siku ile, lakini nilijichukia mimi zaidi, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyeikata.

Barua ya ami ilikuja kwa meli iliyofuata, kwa khati yake nzuri ya Kiarabu, Kiswahili kilichopangwa kwa adabu kama kawaida yake, salamu nusu ya ukurasa. Kisha akaeleza. Bwana mkaguzi ameliona gazeti. Watu wamemtambua kwa kanzu yake iliyochanika begani na kwa mlango wa nyumba yake. Kibali chake cha kuuza kimezuiwa. Karafuu zile za mchumo wa kwanza zimekwisha changanywa na za wengine katika ghala la mnunuzi, hakuna tena gunia linaloweza kufunguliwa likaonwa. Za mchumo wa pili zimejaa ndani ya nyumba, vyumba viwili na ukumbi, hapana anayethubutu kuzigusa, na masika yanakaribia. Zikiingia ukungu hazitakuwa hata za kutupia kuku. Hakunilaumu. Alimalizia kwa kuniombea dua ya afya.

Nilichukua kioo kutoka kabatini, nikakizungushia kanzu mbili, nikapanda meli.

Chake Chake niliposhuka nilipita sokoni kutafuta baiskeli, nikaona mtu anauza pweza wa kukaanga. Alikuwa anamfunga kwa gazeti letu. Mteja mmoja alikula palepale, akakunja karatasi, akaitupa, ikafunguka yenyewe karibu na mguu wangu. Ami alikuwa amelowa mafuta, kichwa chake kimepasuka, na nzi watatu wametua kwenye gunia. Sijala pweza tangu siku hiyo. Watu hunicheka, Mpemba asiyekula pweza, nami huwaambia tumbo langu halimtaki.

Ole nilimkuta ami barazani, peke yake. Zamani baraza ile ilikuwa haikosi watu watatu wanne wa kahawa. Tulikaa. Nilimweleza kwamba kioo ninacho, kizima, na magunia yote mawili yanaonekana wazi. Nikitoa picha nzima mhariri ataichapa, na bwana mkaguzi hatakuwa na la kusema.

"Na wao?" akauliza. Hakumtaja mkewe wala binti zake.

"Nao wataonekana, Ami."

"Kichwa wazi?"

"Hivyo hivyo walivyokuwa."

Kutoka ndani tulikuwa tunasikia mtu anatembea, vikuku vyake vinagonga. Ami akasema, "Basi na niitwe mwizi. Mwizi wa makonyo atasahauliwa. Mke wangu akifungiwa pweza, hilo halisahauliki."

Nilibishana naye asubuhi nzima. Nilimtajia karafuu zilizo ukumbini, tukizinusa tulipokaa. Nilimwambia binti zake wataolewa na nani, wana wa mtu aliyepigwa marufuku. Alikasirika kwa hilo. Mwisho, adhuhuri inakaribia, alinitazama akaniuliza kama ni kweli wanavyosema huko Unguja kwamba ninaweza kumfanya mtu mweusi awe mweupe.

"Naweza," nikasema, na uso ukaniwaka.

"Basi wavishe."

Nilielewa mara moja. Alitaka niwavishe buibui, pale pale kwenye picha, yaachwe macho tu. Nilipaswa kukataa. Nilijua alichokuwa anakitaka na nilijua kitakachotokea, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu kila siku. Lakini niliona njia ya kuokoa kila kitu kwa mpigo mmoja, kibali cha ami, heshima ya mama na kiapo changu, na kiburi cha fundi kikanipanda. Nikasema inawezekana.

Sasa lazima nieleze jambo la ufundi, kwa ufupi. Ningeweza kutoa picha nzima kwanza kwenye karatasi, kisha nikapaka wino juu ya karatasi. Kioo kingebaki salama. Lakini hiyo ingekuwa karatasi yenye sura zao, ile niliyoapa kwamba haitatoka, hata moja. Njia nyingine ilikuwa kuwavisha kwenye kioo chenyewe. Na kwenye kioo, ukitaka kitu kitokee cheusi huongezi rangi. Unakwangua. Unakwangua ule utando wa dawa mpaka kioo kiwe kitupu, mwanga upite, na karatasi iungue iwe nyeusi. Kilichokwanguliwa hakirudi.

Nilikikwangua kwenye nyumba niliyofikia Chake, mezani karibu na dirisha, kwa wembe mpya. Nilianza na mabega ya mama. Utando ulitoka kama ukoko, ukaingia chini ya kucha zangu. Nikaenda kwenye shingo, mashavu, mdomo. Nikawakwangua dada zangu mmoja baada ya mwingine, yule niliyenyonya naye ziwa moja nikamkwangua pua. Macho niliyaacha, jozi tatu. Mkono wa dada mkubwa ulikuwa umeshika gunia la karafuu, na wembe ukateleza, nikala mdomo wa gunia. Nikajaribu kurekebisha nikala zaidi. Nimewahi kuchinja mbuzi, nimewahi kuosha maiti, sijawahi kuona kinyaa cha mikono yangu kama nilivyokiona saa ile. Nilikwenda kunawa mara mbili, nikarudi, nikamaliza.

Picha niliitoa kwa jua, kwenye fremu yake, nikaikausha. Kwa mbali ilipendeza. Wanawake watatu wenye heshima zao, mwanamume anafanya kazi, magunia mawili, ingawa moja lilionekana kama lililoungua. Niliiangalia kwa mbali makusudi, sikutaka kuisogelea.

Sikuipeleka kwa mhariri kwanza. Meli ilikuwa haijaja, na masika yalikwisha anza kunusika. Nikaipeleka kwa bwana mkaguzi ofisini kwake, mimi na ami, ami amevaa kanzu mpya. Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, Kiswahili chake kimenyooka kupita changu. Aliipokea picha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kioo cha kukuzia, akainama juu ya mama yangu.

"Hawa wamechorwa," akasema.

Nilimwambia walikuwapo, nimewafunika tu kwa ajili ya heshima.

"Nani anayevaa buibui akapepeta karafuu uwani kwake?"

Karani wake aliyekuwa pembeni akacheka. Ami akatazama chini. Mkaguzi akataka kioo, nikampa, maana nilikuwa nacho. Alikiinua dirishani. Upande wa ami ulikuwa umejaa kila kitu, kanzu, mlango, lundo la karafuu. Upande wa pili mwanga wa jua ulipita mtupu kwa mama na kwa dada zangu, ukaangukia usoni pake yule bwana. Mahali pa gunia palikuwa pameliwa nusu. Alikiteremsha taratibu, akanitazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Kilichokuwa hapa sasa hapana mtu wa kukijua," akasema. "Huenda walikuwa wanawake. Huenda hapakuwa na kitu."

Kisha akamwambia ami kwamba mbele yake sasa yako mambo mawili badala ya moja, karafuu chafu na picha ya uongo.

Nilimwomba. Sioni haya kusema nilimwomba, haya zangu zilikwisha hapo. Nilimwambia kosa ni langu, ua upo, mlango upo, watu wapo, aje aone mwenyewe. Alifikiri. Nadhani alikuwa mwadilifu kwa namna yake, mtu anayeamini kipimo. Akasema atakuja Ole kesho yake asubuhi, saa ile ile ya jua. Nisimamishe kamera pale pale, watu wakae pale pale, nipige tena, na picha hiyo ailinganishe na kioo. Kama watu na gunia vitakaa sawa ndani ya mahali palipokwanguliwa, ataamini. Lakini wakae kama walivyokuwa. Hakutaka buibui, kwa kuwa buibui haina umbo la mtu anayefanya kazi.

Njia nzima ya kurudi ami alitembea mbele yangu.

Asubuhi mkaguzi alikuja na karani wake. Majirani walikuwa wamekwisha jua, hayo hayafichiki shamba, na makuti ya ua yalikuwa yanatikisika kwa watu waliochungulia. Nilisimamisha kamera. Ami alisimama na pakacha lake. Ndani hapakutoka mtu. Mkaguzi akatoa saa yake akaitazama.

Mama alitoka peke yake. Alikuwa amejifunga kanga kifuani vile vile, kichwa wazi, ungo mkononi. Hakumtazama mtu. Alipita mbele ya karani, akakaa kwenye jamvi, akamwambia mkaguzi, "Binti zangu hawatoki. Mie natosha."

"Walikuwa watatu," mkaguzi akasema.

Mama akainuka tena. Akaingia jikoni, akatoka akiviringisha kinu kimoja, akakisimamisha alipokuwa amekaa binti mdogo. Akarudi akaleta cha pili, akakisimamisha alipokuwa binti mkubwa, na gunia akaliegemeza kwenye kinu hicho, mdomo wazi. Akapanguza mikono, akakaa, akaanza kupepeta kwa kweli, karafuu zikaruka na kutua. Mkaguzi aliangalia vinu viwili, akaguna, akasema vitafaa.

"Haya," mama akaniambia. "Piga."

Nikapiga. Kioo nikakisafisha papo hapo katika stoo ya ami, madirisha yamezibwa kwa magunia, nikatoka nacho kinachuruzika maji. Mkaguzi alikikausha kwa kupepea, akakiweka juu ya kile cha zamani, akaviinua vyote viwili juani. Mama alikaa sawasawa ndani ya mahali nilipomkwangua. Vinu vilikaa sawasawa. Gunia lilijaza pale lilipoliwa. Yule bwana aligeuza mara tatu, akampa karani naye aangalie, karani akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka nikamnyang'anya.

Kibali kilirudishwa siku ile ile. Picha mbili nilitakiwa nizitoe kwa ajili ya jalada lake la ofisini, nikazitoa, mama yangu akatiwa ndani ya jalada, na kila karani atakayepewa ufunguo wa kabati ataweza kumfungua. Karafuu ziliuzwa kabla ya mvua. Mhariri wangu alipopata habari alinitumia salamu kwamba anaitaka hiyo picha ya mwanamke na vinu, ni kitu kizuri sana, hajapata kuona. Nilimjibu kwamba kioo kimevunjika, na hiyo ndiyo barua yangu ya mwisho kwake. Maelezo aliyoyatoa gazetini yalikuwa mistari miwili, chini ya tangazo la sabuni.

Lakini yote hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile, mkaguzi alipoondoka na waliochungulia wakatawanyika, ami aliingia ndani kulala. Nilibaki nafunga miguu ya kamera. Mama alikuwa bado kwenye jamvi, sasa ameitupia kanga ya pili kichwani, anaokota karafuu zilizomwagika.

"Ile ya kwanza ungeitoa," akasema, "ningeonekana nafanya kazi yangu. Hii nitaonekana naamrishwa."

"Mama, wewe ndiye uliyenitaka niape."

"Nilikutaka. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeitwa mwizi hapa." Alipuliza vumbi kwenye kiganja. "Halafu ukaja, ukakaa barazani na ami yako, mkazungumza kichwa changu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mie n'po nyuma ya mlango. Nangoja mniite."

Nikaiweka chini miguu ya kamera.

"Mngeniuliza, ningesema toeni."

Akainuka, akakilaza kinu kimoja, akaanza kukiviringisha kuelekea jikoni. Nilikwenda nikakishika cha pili nimsaidie. Akaniambia nikiache.